Papa Atari na Sanduku la Bati la Kikula

Shemeji yangu Eugène Kanyinda hajawahi kushinda mchezo hata mmoja. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nasimulia habari za bingwa. Watoto wa shule ya msingi wanamfunga mabao mpaka yanachosha kuhesabu, naye anacheka na kuwapa mechi ya bure. Lakini muulize mchezo huo umetoka wapi, kampuni gani iliutengeneza, na kampuni hiyo kabla ya michezo ilikuwa ikiuza nini. Hapo tafuta kiti, maana chai yako itapoa ukiwa bado unasikiliza.

Mimi ni Estelle, mdogo wake Rosalie, mke wa Eugène. Cherehani yangu iko barazani, mlangoni mwa chumba chake cha michezo hapa Kikula, sehemu ya Likasi yenye vumbi jekundu na maneno mengi. Yeye yuko ndani na televisheni zake, mimi niko nje na vitambaa vyangu. Umeme ukikatika, na hukatika karibu kila siku, wateja wake wanatoka na kukaa na wateja wangu, na ndipo hadithi zinapoanza. Nimezisikia mara nyingi hata naweza kuzisimulia huku sindano iko mdomoni.

Watoto walimpa jina la Papa Atari, ingawa mashine zote za ndani ni PlayStation za mitumba na hakuna Atari iliyowahi kuvuka kizingiti kile. Yeye huhesabu kampuni za michezo jinsi wazee wetu wa Kasai wanavyohesabu koo. Nintendo, atakwambia, haikuzaliwa na umeme. Ilizaliwa Kyoto mwaka 1889, ikiuza karata za karatasi ngumu. Namco ilianza na farasi wawili wa kubembea, wa kupandwa na watoto juu ya paa la duka kubwa huko Yokohama. Sega ilitokana na watu waliokuwa wakipeleka mashine za kamari kwenye kambi za askari wa Amerika. Taito ilianzishwa Tokyo na mfanyabiashara mgeni mzaliwa wa Odessa, aliyeuza hiki na kile kama Wagiriki wetu wa Likasi walivyokuwa wakiuza samaki wa chumvi, baiskeli na misumari katika duka moja. Na Sony yenyewe ilianza kwa kurekebisha redio zilizoharibika, ndani ya jengo lililoachwa na mabomu.

Mimi nilikuwa namtania. Nilimuuliza kama kampuni hizo zote zimekua kutoka karata na farasi wa mbao, mbona yeye anazeeka na televisheni nne na feni isiyozunguka. Alijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba mimi ni dawa nzuri dhidi ya sifa. Ndivyo tulivyoishi, kwa utani, na sikuona ubaya wowote katika maneno yake.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ni ile ya Atari yenyewe. Kampuni hiyo ilitajirika haraka na kuanguka haraka. Mwaka 1983 ikabaki na shehena ya michezo ambayo hakuna aliyetaka kuinunua, ikaipakia kwenye malori, ikaipeleka jangwani New Mexico, ikaifukia shimoni na kumwaga saruji juu yake. Watu wakasema ni uvumi tu. Miaka thelathini na zaidi ikapita, wakaja wengine na mashine za kuchimba, na vitu vikatoka kweli. Michezo ileile iliyotupwa kama taka sasa ikauzwa kwa watu wanaokusanya vitu vya zamani, kwa bei ya kushangaza.

Nani asiyeielewa hadithi kama hiyo hapa Likasi? Mji mzima umelala juu ya shaba na kobalti. Nusu ya vijana wanaocheza mle ndani, asubuhi walikuwa shimoni, na kucha zao zina rangi ya udongo. Walimfanya airudie mara kwa mara. Mmoja wao alikuwa Élie, kijana mrefu mpole, mwana wa mama Cathy anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa akiketi karibu na cherehani yangu na kuniokotea vifungo vikianguka. Siku moja alimuuliza Eugène kama kampuni hiyo, wakati inazika, ilijua kwamba vitu vile vitakuja kuwa na thamani. Eugène alisema hapana, anayezika hajui. Élie aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu lingine.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu shemeji yangu hakupata wazimu huu barabarani. Baba yake, mzee Constantin, alikuwa karani, mtoto wa watu walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini. Jioni alitunza klabu moja ya wafanyakazi, na katika klabu hiyo Mgiriki mmoja aliweka mashine ya mchezo, sanduku la mbao refu kama kabati, lenye kioo na vitufe. Ilitengenezwa Chicago na Williams, kampuni iliyoanza na flipa, zile meza za mpira wa chuma. Katika mchezo wenyewe unaendesha ndege ndogo juu ya milima, na maadui wanashuka kuwanyakua watu walioko chini. Kazi yako ni kuwadaka watu hao kabla hawajapelekwa juu na kuwarudisha ardhini salama. Mashine nyingi za wakati ule zilisahau kila kitu zikizimwa. Hii ilikuwa na betri tatu ndogo ndani yake, za kutunza majina ya washindi wakubwa, herufi tatu kwa kila mtu.

Mshindi mkubwa wa klabu ile hakuwa mfanyakazi yeyote. Alikuwa Bénie, dada mdogo wa Eugène, msichana wa miaka kumi na miwili aliyesimama juu ya kreti ya bia ili afikie vitufe. Eugène anasema wanaume walikuwa wanaacha glasi zao mezani na kuja kumtazama. Herufi zake tatu zilikaa juu ya zote, na kila mashine ilipowashwa zilikuwa pale.

Baadaye Mgiriki alifunga biashara akaondoka, mashine akaiacha klabuni. Ikaja 1992, mwaka ambao watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Sitaieleza yote, wengine wanaijua kuliko mimi. Wengi walizika uwanjani kile wasichoweza kubeba, sahani, cherehani, bibi mmoja alizika mlango. Mzee Constantin, mtu wa kutunza mali ya wengine hata mwenyewe akiwa anafukuzwa, aliifungua mashine ya klabu akatoa karte, ubao ule wa umeme ambao ndio akili ya mashine. Akaifunga kwenye nailoni, akaiweka ndani ya sanduku la bati, akaizika kando ya jiko la nyumba yao. Kisha wakaenda stesheni ya Likasi kungoja treni pamoja na maelfu ya wenzao. Treni ilichelewa wiki nyingi. Bénie alishikwa na kuhara pale stesheni akafa, na wakamzika kando ya reli bila msalaba, kwa sababu hakukuwa na mbao iliyobaki ambayo haijachomwa kwa kupikia.

Eugène alirudi Likasi akiwa mtu mzima, akamwoa dada yangu. Baba yake alipofariki Mbuji-Mayi, huko Kasai, akamleta mama yake, Marceline, tunayemwita kaku, yaani bibi. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imeshauzwa na kuuzwa tena, na mwisho iliangukia kwa marehemu Patrice, mume wa mama Cathy, aliyeilipia kihalali kwa jasho la shimoni. Eugène hakuwahi kuidai. Hata kupita mbele yake alikuwa hapiti, alizunguka kwa barabara ya sokoni.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, kaku alianza kudhoofika. Miguu ilivimba, usingizi ukapotea. Akaanza kuuliza habari za sanduku. Alisema hana picha ya Bénie, hana kaburi, hana hata kitambaa chake, na mahali pekee duniani ambapo mtoto yule ameandikwa ni ndani ya ile karte. Alitaka kuliona jina kabla hajafa. Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayeomba maji, kila siku, mpaka nyumba nzima ikakosa raha.

Nilimvuta Eugène pembeni nikamuuliza kama jina linaweza kuwa bado lipo. Akasema hapana. Betri hazidumu miaka yote hiyo. Jina lilizimika zamani sana chini ya udongo, bila mtu kujua ni siku gani. Nikamuuliza kwa nini basi asimwambie mama yake. Akasema ameshafungua kinywa mara nyingi, na kila mara kinafunga chenyewe. Nilimhurumia, na pia nilimkasirikia, kwa sababu mtu anayejua historia ya kampuni zote za Japani hakosi maneno ya kumwambia mama yake.

Basi akaenda kwa mama Cathy. Nilimsindikiza, kwa kuwa mama huyo nilimshonea nguo za kanisa na tulikuwa na salamu nzuri. Mama Cathy ni mwanamke wa maombi, mnene, mkarimu, asiyekuruhusu uondoke bila kula. Alitupakulia bukari, yaani ugali, wa unga ulioletwa na shemeji zake wa Kapolowe. Élie alikuwepo, na mdogo wake Didier. Eugène alikula kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha akaeleza.

“Mama Élie, haiko nyumba niko natafuta. Nyumba ni yenu,” alisema. “Niko natafuta karte moja ya machine. Papa aliizikaka pembeni ya cuisine. Ndani yake muko jina ya dada yangu, mama yangu anataka kuiona.”

Mama Cathy alimtazama. Hakukasirika. Alitabasamu kwa huruma, kama tunavyomtabasamia mtoto anayedanganya vibaya.

“Bantu habachimbake jina, papa Eugène,” akasema. “Banachimbaka mali.”

Akasema atalipeleka jambo hilo katika maombi, na kwamba arudi baada ya mvua za kwanza. Ndivyo ilivyokuwa. Shemeji yangu alisema kweli tupu, na kweli yenyewe ilikuwa ndogo mno hata haikuaminika. Angesema baba yake alizika dhahabu, wangemruhusu achimbe huku wamesimama karibu. Mukasai aliyerudi baada ya miaka thelathini, na jembe, kutafuta herufi za mtoto? Njiani nilimwambia Eugène kwamba hata mimi ningekuwa mama Cathy nisingeamini. Alisema tusubiri mvua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Didier baadaye, na sina sababu ya kumshuku. Kesho yake tu Élie alianza kuchimba kando ya jiko. Hakukusudia kuiba, Didier anaapa, alitaka kujua kwanza ni nini. Karibu na uso wa udongo jembe likagonga bati. Walilifungua sanduku mezani, mama yao akiwa amesimama na Biblia mkononi kwa hofu ya dawa za watu. Nailoni ilikuwa imepasuka. Ndani kulikuwa na ubao uliooza, na juu yake, hasa upande mmoja, ukoko mnene wa kijani.

Ungekuwa mtu wa mji mwingine ungeona taka. Mtu wa Likasi akiona kijani cha namna ile moyo wake unaruka, kwa sababu ndiyo rangi ya malakiti, jiwe linaloonyesha kwamba shaba iko chini. Watoto wetu wanaijua kabla hawajajua kusoma. Élie aliukwangua ukoko ule akaweka unga wake kwenye karatasi, akaupeleka kwa négociant, mnunuzi wa mawe mwenye mashine ya kupimia. Mashine ikasema shaba, tena nyingi. Basi kila kitu kikakaa mahali pake kichwani mwa Élie. Mzee Constantin karani aliona mshipa wa shaba kando ya jiko lake, akaweka alama kabla ya kufukuzwa, na mwanawe amerudi na hadithi ya jina ili achukue. Si Papa Atari mwenyewe aliyefundisha kwamba watu huzika na wengine huja kuchimba baadaye?

Walichimba kwa wiki nyingi, Élie na wenzake, chini ya turubai ili majirani wasione. Kila walipokosa waliamini mshipa uko mbele kidogo. Shimo likashuka, kisha likageuka na kupita chini ya nyumba, chini ya chumba cha nyuma. Sisi tuliona turubai tukasema wanajenga choo. Eugène, mtu wa kusubiri mvua, alisubiri mvua.

Mvua ikaja Novemba, kubwa, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu jua likatoka, na mchana watu wakiwa sokoni tukasikia kishindo. Ukuta wa chumba cha nyuma uliingia ardhini. Wenzake wawili walikuwa wametoka kunywa maji. Élie alikuwa chini. Wanaume wa mtaa mzima walichimba kwa mikono, Eugène akiwa kati yao, akilia bila kujificha, na walimfikia kesho yake asubuhi.

Nikifika hapa nashikwa na hasira mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Kabla hata Élie hajaoshwa, maneno yalikuwa yameshaanza. Kwamba Mukasai alizika dawa pale. Kwamba alikwenda kula bukari wa watu ili kuiamsha. Wengine walisema gereza la Buluo ndilo linalomfaa. Mtu alirusha jiwe juu ya bati la chumba cha michezo, na watoto waliokuwa wakicheza wakakimbia na kuacha televisheni zikipiga kelele zenyewe. Eugène akafunga. Dada yangu Rosalie, ambaye si mwoga, alitoa masanduku chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo. Nilimsaidia kukunja. Wote tulikuwa tunaifikiria ile treni.

Kaku Marceline alituangalia kutoka kitandani kwake.

“Minye sitarudia ile gare ya treni,” alisema. “Kama ni kufa, nitafia hapa hapa Kikula.”

Siku ya pili ya msiba Didier alikuja. Alisimama mlangoni, macho mekundu, akasema mama yake anamwita papa Eugène. Rosalie alimshika mumewe shati asiende. Eugène alivaa viatu. Kaku naye akaomba fimbo yake, na hakuna aliyethubutu kumkataza, ingawa miguu yake ilikuwa haijavuka uwanja kwa miezi. Nilimshika mkono mmoja, Eugène mwingine. Tulipita njia nzima bila salamu ya mtu.

Ule uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na nyuma ukuta uliokatika ulionyesha anga. Kaku alipofika mlangoni pa uwanja alisimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle tangu 1992. Alitazama mahali jiko lilipokuwa, kisha chumba cha nyuma, na nikahisi uzito wake wote ukija mkononi mwangu.

Pembeni, wenzake Élie walikuwa wameshaleta magogo mapya. Didier alisema bila aibu kwamba msiba ukiisha watashuka tena, kwa sababu kaka yake hawezi kufa bure na mshipa uko pale. Négociant alikuwa amewaahidi mashine ya kupuliza hewa. Niliyasikia hayo nikaelewa kwamba bado hatujamaliza kuzika.

Mama Cathy hakuinuka. Alichukua sanduku la bati lililokuwa nyuma yake, akaliweka juu ya mkeka mbele ya Eugène, akalifungua.

“Weye unajua bintu ya machine,” alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. “Uniambie mbele ya bantu. Hii kijani ni nini?”

Nilimwona shemeji yangu akiinama juu ya ubao ule alioutafuta. Hakuugusa. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiri hilohilo. Angeweza kusema ni shaba, na isingekuwa uongo kamili, na mama yule angebaki na mwana aliyekufa akifuata kitu cha kweli. Kisha Didier angeshuka. Eugène alimtazama Didier, akayatazama magogo.

“Ni pile, mama,” alisema, akionyesha mahali pa betri. “Pile tatu za ndani zilioza, zikatoa maji, ile maji ikakula shaba ya karte. Inakuwaka kijani vile.”

“Machine ya négociant ilisema cuivre.”

“Ilisema kweli. Ni cuivre ya hii karte tu, ilitoka nayo ku usine, kule ilitengenezwaka. Mu udongo wa hii uwanja hamuna kintu, mama. Hamukuwaka kintu.”

Hakuna aliyelia. Ingekuwa afadhali wangelia. Didier alikaa chini palepale, juu ya magogo yake, akashika kichwa. Mama Cathy aliendelea kuutazama ubao, akapitisha kidole juu ya mahali betri zilipokuwa, na nilimwona akielewa polepole, kipande kwa kipande, ni nini kilichomchukulia mwanawe. Mjomba mmoja wa Élie alianza kumjia Eugène, na nilisogea mbele ingawa sijui ningefanya nini. Mama Cathy akamzuia kwa mkono bila kugeuka.

“Na juu ya nini hamukuzitosha?” aliuliza, yaani kwa nini hazikutolewa. “Papa yako alijua machine. Muntu anayejua anatoshaka pile mbele ya kuzika. Juu ya nini aliziacha?”

Nadhani ndilo swali pekee kuhusu mashine ambalo nimewahi kumwona Eugène akishindwa kulijibu. Aligeuka kumtazama mama yake, na kaku akaachia mkono wangu, akajishika kwenye fimbo.

“Alitaka kuzitosha,” alisema kaku. “Mutoto ndiye alikatala. Alilia sana siku ile. Alisema, papa, usitoshe pile, jina yangu itazimika. Bwana yangu akamuhurumia, akaziacha.”

“Mutoto gani?”

“Wangu. Alilalaka mu ile chumba ya nyuma.”

“Anaitwa nani?”

“Bénie.”

Mama Cathy alirudia jina hilo kwa sauti ya chini. Akauliza yuko wapi sasa. Kaku akasema yuko kando ya reli, pale stesheni, kama bado hawajamjengea juu. Akauliza kama kuna msalaba. Kaku akasema hakuna. Mama Cathy aliuangalia uso wa yule bibi, uso ambao naujua, mkavu, ambao sijawahi kuuona umelowa hata siku moja, si kwenye mazishi ya mumewe wala kanisani. Kaku alikuwa hajamlilia Bénie. Pale stesheni watu walikuwa wengi mno wanaokufa, na baadaye huko Mbuji-Mayi hakukuwa na mtu aliyemjua mtoto yule ili alie naye.

Mama Cathy alikusanya kitenge chake, akasogea pembeni ya mkeka, akapiga kwa kiganja mahali palipoachwa wazi. Kaku alihitaji msaada wa watu wawili kushuka chini. Alipokaa, mabega yao yaligusana.

Kwetu, kwenye msiba, mwanamke anayeongoza kilio huita jina la marehemu, na wengine hufuata, kila mmoja akimwita marehemu wake wa zamani. Mama Cathy akafungua kinywa akamwita Élie, mara moja, mara mbili, kwa sauti ile iliyokuwa imekwisha. Akavuta pumzi. Kisha, kabla mtu mwingine hajafuata, akamwita Bénie.

Mkeka mzima ukaitikia, wanawake ambao siku ile ile asubuhi walikuwa wametufungia milango. Bénie, Bénie, uwanja mzima, mpaka kwenye ukuta ulioanguka. Kaku alitoa sauti ambayo sikuijua, akaanguka juu ya paja la mama Cathy, na uso wake ukalowa.

Eugène alisimama akisikiliza. Sanduku lilikuwa wazi miguuni pake, na hakuliangalia tena. Kilio kilipotulia alikwenda kwa Didier, akachukua koleo lililokuwa limelala kando ya shimo, na wakaanza kurudisha udongo.